Stendi ya plaiwudi kwa tangi la samaki la lita 180: fundi anasema itakunjika

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Moshi, maeneo ya Pasua. Amenunua tangi la samaki la vioo, urefu sentimita 100, upana 40, kimo 45, kioo cha milimita 8. Mpaka sasa limekaa sakafuni limefunikwa kanga, kwa sababu hana pa kuliweka. Anaandika: "Nilitaka stendi ya plaiwudi yenye milango ili nifiche pampu na chakula cha samaki humo ndani. Fundi wangu amekataa kabisa. Anasema plaiwudi ni ya makabati ya nguo, maji yakijaa itakunjika. Ananiambia nichague miguu minne ya mninga au fremu ya chuma. Nina watoto wawili wadogo, naogopa. Nani yuko sahihi?"

Dada yangu, hongera kwa kuuliza kabla ya kumwaga maji. Fundi wako ana hofu ya kweli, ila anaitafuta mahali ambapo haipo. Anaogopa uzito. Mimi nimetengeneza stendi hizi hapa Arusha kwa miaka mingi, na katika yote ninayoyaangalia, uzito ndio unaonisumbua kidogo kuliko vyote. Stendi huharibiwa na kuyumba, huharibiwa na maji ya deki, na huharibiwa na uso wa juu usiokaa sawa. Plaiwudi ikitumiwa vizuri huyashinda yote hayo, na katika hilo la kuyumba inaishinda miguu minne ya mninga kwa mbali.

Tuanze na uzito, ili uwe na hesabu ya kumwonyesha. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi lako likijaa mpaka ukingoni ni lita 180, kwa hiyo kilo 180. Vioo vyenyewe vina kilo 33 hivi. Weka changarawe kilo 30 na mawe machache, unakaribia kilo 250. Hiyo ni mifuko mitano ya saruji. Mingi, ndiyo, lakini angalia inakaa wapi. Katika stendi nitakayokueleza, mbao zilizosimama wima zina jumla ya sentimita za mraba 400 hivi za kubebea. Gawanya kilo 250 kwa 400: kila sentimita ya mraba inabeba nusu kilo na ushee. Plaiwudi nzuri ya milimita 18, ikisimama kwa ukingo wake, inahimili makumi ya kilo kwa sentimita hiyo hiyo bila kubonyea. Kama fundi wako amewahi kufanya kazi ya ghorofa, mkumbushe zege linamwagwa juu ya nini: mita moja ya mraba ya zege la unene wa sentimita 15 ina kilo 360 hivi, na plaiwudi inalishika mpaka likauke. Inaweza kwa sababu nguzo za chini zimepangwa karibu karibu. Ndivyo tutakavyofanya na sisi.

Sasa nikueleze kwa nini naikataa miguu minne.

Julai 2007 nilikuwa na tangi la lita 120 sebuleni, juu ya stendi ya mninga niliyoitengeneza mwenyewe. Miguu inchi 3 kwa 3, mbao nene kweli, nyuma wazi. Ndizo siku zile za matetemeko yaliyoanzia Gelai, karibu na Ol Doinyo Lengai, tuliyoyasikia mpaka mjini Arusha. Maji yalianza kwenda huku na kurudi, kama yanavyofanya kwenye ndoo aliyobeba mtoto, na kila yalipofika upande mmoja stendi iliyafuata. Hakuna mguu uliovunjika. Kilichofunguka ni kiungo cha mguu wa nyuma: ulimi wa mbao ulitoka kwenye tundu lake kiasi cha unene wa sarafu, ukabaki hapo. Tangi likawa limekaa kwenye kona tatu. Kwa macho lilikuwa sawa kabisa. Siku ya tatu nikaona uzi mwembamba wa maji unashuka kwenye silikoni ya kona ileile, na jioni nikawa nahamisha samaki kwenye beseni.

Mninga haukuwa na kosa. Ni mbao nzuri, na mchwa hauipendi. Kosa lilikuwa umbo. Chukua boksi la katoni, fungua juu na chini, kisha lisukume upande kwa kidole: linalala. Lifunge chini, lisukume tena: limekaza. Katoni ni ileile, nguvu imetoka kwenye ule ubao mmoja uliofunga uwazi. Stendi ni hivyo hivyo. Ubao mzima wa nyuma, uliogundishwa na kupigwa skrubu pande zote, unazuia kuyumba kuliko miguu minene kiasi gani. Na huhitaji tetemeko kuyumbisha tangi. Watoto wawili wakikimbizana sebuleni wanatosha.

Fremu ya chuma nayo ni nzuri ikichomelewa na mtu makini. Lakini moto wa kuchomelea huvuta chuma, fremu inapinda kidogo, na itabidi uweke plaiwudi juu yake ili kioo kikae sawa. Halafu inaanza kutu pale chini inapogusana na maji ya deki. Kama plaiwudi itahitajika hata hivyo, tuifanye kazi yote kwa plaiwudi.

Ubao mmoja wa futi 4 kwa 8 unatosha. Mwambie fundi hivi. Uso wa juu, sentimita 102 kwa 42. Wa chini, vivyo hivyo. Ubao wa nyuma, 102 kwa 66. Kuta tatu za kusimama, kila moja 40.2 kwa 66: mbili za ubavuni na moja ya katikati. Na mkanda wa mbele, 102 kwa 10. Zile kuta tatu zikipangwa sambamba zinaingia kwenye upana wa ubao kwa kubanana, zinabaki milimita chache tu baada ya msumeno kula sehemu yake, kwa hiyo kazi hii ipelekwe kwenye mashine ya meza, isikatwe kwa mkono. Mkanda wa mbele ukatwe kwa urefu wa ubao, kufuata nyuzi za tabaka la juu, na kuta tatu zisimame nyuzi zikielekea juu. Mkitoka mashineni, mziweke kuta tatu pamoja zikiwa zimesimama, mpitishe vidole juu ya kingo zake. Kidole kinahisi hata milimita moja. Mkihisi ngazi, zirudishwe zikatwe pamoja kwa mpigo mmoja. Usikubali maneno ya "tutaziba na gundi".

Kanuni ya kuunganisha ni moja nayo ndiyo nguzo ya kazi yote: mbao ikae juu ya mbao. Uzito usiachiwe skrubu hata mahali pamoja. Makosa ninayoyaona mara nyingi ni uso wa juu kuwekwa katikati ya kuta za ubavuni, ukashikwa na skrubu zinazoingia kutoka pembeni. Hapo skrubu nane zinabeba mifuko mitano ya saruji. Uso wa juu ulale juu ya kuta na juu ya ubao wa nyuma. Kuta na ubao wa nyuma visimame juu ya ubao wa chini. Ubao wa chini ulale juu ya kitako, nitakifikia. Hata ule mkanda wa mbele usipachikwe hivi hivi: kila ukuta uchongwe kona yake ya mbele juu, upana milimita 18, kina sentimita 10, mkanda uketi ndani ya mchongo huo. Mkanda huo unashika ukingo wa mbele wa tangi usilegee katikati ya kuta.

Kwa nini ukuta wa katikati? Kwa sababu bila huo, uso wa juu ungepita hewani karibu mita nzima. Ukiwepo, uwazi unakuwa sentimita 48 hivi kila upande. Kwa plaiwudi ya milimita 18 sipendi kuzidisha 60. Siku ukitaka tangi la mita moja na nusu, weka kuta mbili za kati.

Kuhusu ubao wenyewe, usinunue kwa jina. Nenda ukaangalie ukingo. Hesabu tabaka: ubao wa milimita 18 wenye tabaka 11 au 13 nyembamba ni bora kuliko wenye 7 nene. Tafuta matobo meusi katikati ya tabaka. Tobo moja ni kawaida, ukiona matano kwenye ukingo mmoja jua ndani yapo mengi, na skrubu ikiingia humo haishiki kitu. Inua ubao upande mmoja, funga jicho moja, utazame kwa urefu kama anayelenga manati. Uliopinda kama ganda la muwa uache hapo hapo dukani. Kama muuzaji anakuruhusu, omba kipande cha taka cha ubao huohuo, ukichemshe jikoni saa mbili tatu pamoja na maharage yanapoiva kwenye sufuria ya pili. Gundi ya ndani mbaya inaachia tabaka zikafunguka kama kurasa. Gundi isiyoogopa maji inabaki imeshika.

Ile yenye ngozi nyeusi au ya kahawia wanayomwagia zege, ambayo wengi wanaiita marini bodi, inafaa na gundi yake mara nyingi ni nzuri. Ila ngozi yake haishiki gundi ya mbao. Kila mahali ambapo mbao mbili zitakutana lazima ngozi hiyo ikwanguliwe kwa msasa mpaka mbao ionekane. Chipubodi na emudiefu, zile bodi za vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi, usizilete hata kama rangi yake inapendeza. Zikinywa maji zinavimba, na hata zikikauka hazirudi.

Gundi iwe nyeupe ya mbao, ile inayoandikwa kwamba inavumilia maji, ipakwe pande zote mbili za kiungo mpaka ichuruzike kidogo ikibanwa. Skrubu za inchi 2, kila sentimita 15 hivi, na kila moja itanguliwe na tundu la drili la milimita 3, la sivyo tabaka zitapasuka ukingoni. Zile skrubu nyeusi za jipsamu zilizojaa madukani zinakatika shingo na zinashika kutu. Chukua za njano au za fedha. Kazi ya skrubu hapa ni kubana tu mpaka gundi ikauke. Baada ya hapo gundi ndiyo inayoshika umbo. Kabla gundi haijakauka, pima kutoka kona mpaka kona kwa mshazari, kisha mshazari wa pili. Vipimo vikilingana, boksi limenyooka. Visipolingana, sukuma mpaka vilingane.

Sasa deki, jambo ambalo limeua stendi nyingi kuliko uzito wote wa maji ya ndani ya tangi.

Sisi sakafu tunaipiga deki kila siku, tena kwa maji mengi. Nimeletewa kabati la tangi ambalo juu lilikuwa linang'aa, lakini nilipolilaza chali, ukingo wa chini ulikuwa mweusi, tabaka zimefunguka kama kitabu kilicholowa, na nilipobonyeza kwa ukucha, ukucha ukazama. Miaka miwili tu. Tangi lilikuwa limeanza kuinamia mbele kidogo kidogo, mwenyewe akidhani ni sakafu. Kingo za plaiwudi zinanyonya maji kama utambi wa taa.

Kwa hiyo stendi isiguse sakafu kwa plaiwudi. Tengeneza kitako cha mbao ngumu, kimo sentimita 5 hivi, kinachopita chini ya kila ukuta na chini ya ubao wa nyuma, bila kuacha ukuta ukining'inia. Hapa ndipo mninga wa fundi wako unapopata kazi yake stahiki. Chini ya kitako tandika mkanda wa mpira, ukitoka kwenye tyubu kuukuu ya gari ni sawa kabisa. Kimo cha stendi nzima kitafika karibu sentimita 75, na kwa upana wa 42 sitaki uende juu zaidi ya hapo.

Kupaka: kingo kwanza. Vanishi ya mafuta au rangi ya mafuta, mkono wa kwanza uchanganywe na tapentaini kidogo ili uzame, kisha mikono miwili zaidi, ukipiga msasa laini katikati. Kingo za ubao wa chini zipakwe kabla ya kuunganisha, maana baadaye brashi haitafika. Acha tu sehemu za gundi. Ndani, pale ubao wa chini unapokutana na kuta, pitisha silikoni ili maji yakimwagika siku ya kusafisha pampu yasiingie kwenye kiungo, yabaki juu uyafute. Acha stendi ikauke nje au chumba kingine mpaka harufu iishe kabisa, hata kama ni wiki nzima wakati wa masika. Pampu ya hewa huvuta hewa ya chumbani na kuiingiza majini, na harufu ya rangi mbichi inaumiza samaki.

Kusawazisha. Weka stendi tupu mahali pake, ukutani, juani pasifike. Weka pimamaji kwa urefu, kwa upana, na kwa mshazari. Baadhi ya mafundi hulaza sakafu kidogo kuelekea mlangoni ili maji ya deki yatoke, kwa hiyo usishangae ukikuta upande mmoja uko chini. Vipande vya kuinulia viingie chini ya kitako, kamwe si kati ya tangi na stendi, na viwe virefu, vikishika kitako kwa eneo kubwa. Kijiti kimoja kwenye kona kinarudisha ile hadithi ya kona tatu. Kama sakafu ni ya taili, zigonge kwanza kwa ufunguo. Taili inayotoa sauti ya utupu haijashika chini, na inaweza kupasuka ikibebeshwa.

Kisha pitisha rula iliyonyooka juu ya uso wa stendi, uangalie mwanga chini yake. Tangi lako, kama mengi yanayotengenezwa na mafundi vioo wa kwetu, kioo cha chini kinakaa moja kwa moja juu ya stendi. Hilo litandikiwe povu gumu la milimita 5 mpaka 10. Mkeka wa mazoezi wa mitumba pale soko la Memorial, hapo kwenu Moshi, ukibahatika kuupata, unakatwa vizuri kwa kisu. Kazi yake ni kumeza chembe ya mchanga au kichwa cha skrubu kilichotokeza, kwa sababu chembe moja chini ya kioo inatosha kukipasua. Stendi iliyopinda povu haliinyooshi. Kama tangi lako lingekuwa na fremu ya plastiki chini, kioo kikiwa kimeinuliwa ndani yake, ningekuambia povu usiweke kabisa, kwani litakisukuma kioo juu.

Kabla ya tangi, jaribu. Azima mifuko mitano ya saruji kwa jirani anayejenga, ipange juu ya stendi, uiache siku mbili. Iegemee kwa nyonga, sukuma upande. Isilie, isisogee. Hili lifanye fundi akiwepo, maana hatakuamini wewe, mimi hanijui, lakini macho yake atayaamini. Ukimaliza, ishike stendi ukutani kwa vyuma viwili vya kona na skrubu zenye plagi. Kwa nyumba yenye watoto wadogo sina mjadala juu ya hili: mtoto atafungua mlango wa kabati na kuukanyaga ili amwone samaki.

Maji yaingie kwa awamu. Jaza sentimita 10, pima kwa rula kutoka ukingo wa juu wa kioo hadi kwenye maji katika kona zote nne. Tofauti ya milimita mbili tatu kati ya mwisho na mwisho naivumilia. Ikizidi, toa maji, rekebisha chini ya kitako. Tofauti ikiwa kona moja tu imeachana na nyingine tatu, hiyo siivumilii hata kidogo, maana stendi imepinda na kioo kinasokotwa. Ukiridhika, jaza nusu, lala, jaza asubuhi.

Umeme kwa ufupi: ekstenshen ipigiliwe juu ndani ya kabati, isilale chini, na kila waya ushuke chini kwanza kabla ya kupanda kwenye soketi, ili tone la maji likifuata waya lidondoke njiani.

Umeandika pia kwamba baadaye unataka kufuga samaki wa mawe wa Ziwa Nyasa. Hao wanataka rundo la mawe, ongeza kilo 30 au 40 kwenye hesabu, stendi hii haitatikisika. Mawe yaweke kwanza juu ya kioo kabla ya changarawe, kwa sababu wanachimba chini yake na jiwe linaweza kuporomoka.

Milango itengeneze kwa plaiwudi nyembamba ya milimita 9, na iache nafasi ya kidole juu ili hewa ipite, unyevu usijifungie humo. Na yule anayepiga deki nyumbani kwako, mwite umwonyeshe kitako kile, kwamba hapo hapamwagwi ndoo, panapitishwa kitambaa kilichokamuliwa. Mwezi wa kwanza, kila Jumamosi, ingiza vidole chini ya ukingo wa ubao wa chini uupapase kutoka kona mpaka kona. Ukikuta umevimba au una baridi ya unyevu mahali popote, niandikie kabla hujapaka chochote.